Pipa la tolueni limeniumiza kichwa wakuu, kuna dawa ya kunywa?

SatoWaMabatini: Wakuu habari za usiku. Nipo Mabatini, Mwanza, nauza rangi. Nimepata pipa la tolueni lita 200 kwa bei ya kuokota, napimia mafundi wa makochi kama thina, wanaigombania maana inakauka chap. Shida moja tu, nikiamka kichwa kinagonga, macho yanawasha. Maziwa yanasaidia kweli?

FundiKopo: Maziwa ni uongo wa mafundi rangi toka enzi. Nimepuliza milango miaka 11, kila jioni maziwa, nikanenepa tu na kichwa kikabaki palepale. Ule ni mvuke unaingia kwa pua unaenda kwenye damu hadi ubongo.

BodaNyegezi: Nisaidieni pembeni, nikichanganya kwenye petroli pikipiki itakimbia?

FundiKopo: Petroli tayari inayo, inapandisha okteni, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati kwenye injini. Usijaribu, utaharibu mipira ya kabureta uje kulia hapa.

JiweLaBismarck: Sato unalala nalo nini?

SatoWaMabatini: Lipo sehemu salama mkuu. Huku wezi wengi.

MamaFuru: Hiyohiyo ndo imo kwenye gundi wanayonusa watoto pale stendi, halafu watu wazima mnaifanyia biashara. Salama wapi? Jibu.

SatoWaMabatini: Ndani. Chumba na sebule, lipo nyuma ya kitanda nimeweka pazia. Dirisha huwa nafungua. Waifu ana mimba ya miezi mitano, yeye ndo analala upande ule, ila hajalalamika. Msinirukie, nimeshalipia na la pili, mtaji wote upo humo.

TichaWaKemia: Hajalalamika?? Kaka, mvuke wa tolueni ni mzito kama mara tatu ya hewa, unashuka sakafuni unatambaa, dirisha la juu halikusaidii kitu. Inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi joto 4, sasa Mwanza hii. Na mimba haitaki kabisa huo mvuke. Viwandani wanatengenezea benzini, baruti ya TNT, hadi kemikali ya povu la godoro unalolalia, lakini hakuna anayelala nayo.

DagaaMkavu: Chai hii. Lita 200 za tolueni ni kilo 173 na ushee, bado pipa lenyewe. Mabatini kule kwenye mawe ulipandisha na nini, winchi? Mwezi jana alikuwa na uzi wa kuuza mabondo ya samaki huyu.

MamaFuru: Na mimi nilishangaa 😂

SatoWaMabatini: Mabondo yalinitia hasara ndo nikahamia huku. Pipa lilibaki chini barabarani, tulimimina kwenye madumu ya mafuta ya kula tukabeba kichwani, madumu kumi. Sikutaka kusema maana mngeanza.

FundiKopo: Yale ya njano?? Plastiki ile inalainika na inapitisha mvuke! Na haina rangi, mgeni akidhani ni maji?

SatoWaMabatini: Mawili yameanza kutuna mbavu kweli. Basi nimwage mtaroni?

TichaWaKemia: Usimwage! Inaelea juu ya maji, itashuka na mto Mirongo hadi ziwani, na mtu akitupa kiberiti njiani mtaro wote unawaka. Toa nje kwenye kivuli, mbali na moto, tafuta pipa la chuma. Waifu akalale kwa ndugu leo, kesho kliniki na awaambie ukweli.

DagaaMkavu: Tupia picha ya madumu tuamini.

JiweLaBismarck: Achana na picha. Mnapikia wapi?

SatoWaMabatini: Jiko la mkaa lipo mlangoni, maharage yapo motoni. Ngoja nakuja.