Mjadala: Tulegeze sheria ya ardhi ili wastaafu wetu wanunue nyumba Italia? Mimi nasema hapana

Wakuu salaam, hasa nyie wa hapa Dodoma ambao mnakaribia kukabidhi ofisi. Ile klipu ya nyumba za euro moja Italia imerudi tena kwenye magrupu, na safari hii watu hawaishii kushangaa tu, kuna ndugu wameandika kabisa kwamba kinachomzuia Mtanzania kununua kule ni sheria yetu wenyewe ya ardhi, kwa hiyo kifungu cha 20, kile kinachomzuia mgeni kumiliki ardhi hapa, kiondolewe ili nao watufungulie. Nataka tulijadili hilo, ila kwanza tuwekane sawa kuhusu hizo nyumba maana watu wanadanganyana sana.

Nyumba zipo kweli. Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia, kuna miji midogo kama Mussomeli na Sambuca, vijana wamehamia Milano na Ujerumani, wazee wanafariki, nyumba zinabaki zimefungwa, halmashauri inatafuta watu. Lakini euro moja ni bei ya kukuvutia. Sambuca mwaka 2019 mnada ulianzia euro 1, 2021 ukaanzia euro 2, 2024 euro 3, na hapo ni pa kuanzia tu, anayepanda dau ndiye anachukua. Sehemu nyingi unaweka dhamana, mara nyingi euro 5,000, unapewa kama miaka mitatu uwe umekarabati, ukishindwa dhamana imeenda. Na unachokarabati ni jengo la mawe la zamani ambalo pengine paa limeshaingia ndani, fundi unamlipa kwa bei ya Ulaya, notari, yaani mwanasheria anayethibitisha mauzo, naye anataka chake. Ukimaliza umetumia makumi elfu ya euro.

Halafu kuna hili ambalo klipu haisemi: kuwa na nyumba kule hakukupi ukaazi. Unaingia kwa viza ya kawaida, siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Ukitaka kukaa moja kwa moja kama mstaafu kuna viza ya watu wenye kipato chao, huruhusiwi kufanya kazi, na wanataka uonyeshe kipato cha takriban euro 31,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 80 kila mwaka, tena kiwe cha uhakika. Na matibabu, mgeni wa aina hiyo akitaka kujiunga na mfumo wao wa afya kwa hiari analipa kuanzia euro 2,000 kwa mwaka, sheria ya 2024 hiyo. Sasa chukua mwalimu aliyestaafu na miaka 60, kiinua mgongo kimekatwa kwa kikokotoo, ile kanuni ya kugawa mafao, ambayo tumeipigia kelele mpaka malipo ya mkupuo yakatoka asilimia 33 kwenda 40, pensheni ya mwezi ndiyo hiyo mnayoijua. Nani anamdanganya huyu mtu jamani? Hela yenyewe inatosha kumaliza nyumba ya vyumba vitatu Nala hapa Dodoma na kuchimba kisima, anaambiwa aipeleke Sicily.

Haya, tuje kwenye sheria. Hapa walioleta hoja hawajakosea, Italia wana kanuni ya nipe nikupe, ipo kwenye sheria zao tangu 1942: raia wa nje ya Umoja wa Ulaya anapata haki kama ya kununua nyumba iwapo Mtaliano naye anaipata haki hiyo kwa huyo mgeni. Notari lazima ajiridhishe kabla ya kusaini. Na sisi Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 20 kinasema asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa uwekezaji. Mzungu hawezi tu kuja Dodoma akanunua kiwanja Iyumbu akajenga ya kupumzikia uzeeni. Kwa hiyo ndiyo, mstaafu wetu anaweza kukwama mlangoni kwa notari.

Lakini dawa yake ndiyo tufungue ardhi? Hapana, na nalisema hili nikiwa nakaa huku ambako tumeona kinachotokea ardhi ikipanda ghafla. Tangu serikali ihamie Dodoma, nendeni Mpunguzi mkaangalie. Kuna shamba la zabibu nalijua, mwaka juzi lilikuwa linavunwa mara mbili kwa mwaka kama zabibu za huku zinavyovunwa, leo limekatwa ishirini kwa ishirini, bikoni za zege zimesimama katikati ya visiki vya mizabibu na mwenye shamba kaenda kupanga chumba Chang'ombe na familia yake. Na walionunua ni Watanzania wenzake, watumishi na wafanyabiashara, watu wa kipato chetu hichi hichi. Sasa mweke pale mstaafu wa Ulaya ambaye pensheni yake ya miezi miwili mitatu inanunua shamba zima. Dalali atamsikiliza nani? Mwenyekiti wa kijiji je?

Hata majirani hatujawafungulia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika 2010 iliacha ardhi ibaki chini ya sera na sheria za kila nchi, na Tanzania ilishikilia hapo kwa nguvu. Mkenya hatujampa, leo tumpe Mtaliano ili watu wachache wakapate gofu lisilo na paa?

Karibuni, pingeni kwa hoja.

Mdau wa Kisasa: Mzee wangu umechanganya mambo, hakuna aliyesema tugawe mashamba ya vijiji. Tunasema fleti za mjini tu. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo tunayo tangu 2008, Zanzibar wanawauzia wageni fleti kwa pango la muda mrefu kwenye miradi maalum na kisiwa hakijahama. Na mimi nina mdogo wangu yuko Bologna anafanya kazi, kwa nini anyimwe nyumba kwa sababu ya kifungu cha 20?

Mleta mada: Mdogo wako hanyimwi ndugu yangu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwenye kibali halali cha kukaa kule kwa kazi, familia au masomo ile kanuni ya nipe nikupe haimgusi, ananunua kama mwenyeji. Kwa hiyo anayekwama ni yule anayetaka nyumba kule huku anaishi hapa, na huyo simuonei huruma kiasi cha kubadilishiwa sheria ya nchi nzima. Cha kumtahadharisha mdogo wako ni kingine, asije akachukua uraia wa huko bila kufikiri, uraia pacha sisi hatuna kwa mtu mzima, akishakuwa Mtaliano anaweza kuanza kuitwa mgeni kwenye kiwanja chake mwenyewe cha Nzuguni.

Kwenye fleti nakusikiliza kidogo. Fleti haili shamba la mtu, hilo nakubali. Ila Zanzibar waliweka mipaka kwanza, miradi maalum, pango, miaka inayohesabika. Nyie mliokuja na hoja hii mmeandika "kiondolewe" tu. Andikeni basi hapa: majengo yapi, miji ipi, pango la miaka mingapi, na mtazuiaje kampuni ya mgeni isijifiche nyuma ya jina la Mtanzania kama tunavyoona kwenye viwanja. Mkileta hayo nitarudi tuendelee.