Namba 2147483647 imejaa kwenye orodha ya wanachama, ni namba gani hii?

MwekaHazina wa kikoba:
Wakuu, habari za jioni. Kikoba chetu kilitengenezewa programu na kijana mmoja. Leo nataka kutuma meseji za marejesho, nakuta wanachama karibu wote wana simu moja: 2147483647. Walioandikwa kwa 07 namba zao zipo, ila sifuri ya mwanzo imeliwa. Walioandikwa kwa 255 ndio wote wamegeuka hiyo. Binti yangu wa kidato cha pili kaitazama, akasema haigawanyiki kwa 3 wala kwa 7. Ina nini hii?

FundiPC:
Safu ya simu imewekwa namba nzima ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Biti moja ni ya alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, kwa hiyo kikomo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Namba ya 255 inafika bilioni 255 na ushee, haienei, ikakatwa hapo. Badilisha safu iwe ya maandishi. Zilizokatwa hazirudi, fungua daftari la uandikishaji.

Ticha Mstaafu:
Mimi namjibu binti. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, tena ya kundi la Mersenne: 2 kwa kipeo fulani, toa 1. Kundi hilo lina mtego: kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, yaani 23 mara 89. Kwa hiyo lazima uhakikishe, na mwanahisabati Euler alihakikisha mwaka 1772, bila kikokotoo. Inatosha kujaribu tasa hadi kipeuo cha pili cha namba hii, 46,340 na ushee, nazo ni karibu 4,800. Nani atazigawa zote? Euler alijua kigawo chochote cha namba hii kikigawanywa kwa 62 lazima kibakize 1, na kwa 8 kibakize 1 au 7. Zikabaki namba karibu 370, na nyingi unazitupa kwa kuzitazama tu: 249 ina 3 ndani, 497 ina 7. Ya kwanza ya maana ni 311. Agawe kwa mkono, si kwa simu!

MwekaHazina wa kikoba:
Kapata baki 35. Sasa anauliza: 2 kwa kipeo cha hiyo hiyo 2147483647, toa 1, nayo ni tasa?

Ticha Mstaafu:
Huyo msimwachie aache hesabu. Si tasa. Ina tarakimu zaidi ya milioni 646, lakini inagawanyika kwa 295257526626031. Baada ya 311 aende 1303, baki ni 226.

FundiPC:
Mweka hazina, muulize kijana na tarehe anazihifadhije. Kama ni sekunde tangu 1970 kwa biti 32, kikomo ni hicho hicho: 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu.