Naomba ushauri: vipande vya shubiri vinageuka kahawia chupani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, nalima shubiri ya dawa. Wateja wangu wa Kongowea hulalamika kuwa jani moja nene, jingine jembamba, na ni kweli, kwani miche niliiokota huku na huku. Ndipo nikaamua kuzalisha kwa tishu, yaani kukuza vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa safi, kutoka kwa mmea mama mmoja ulio bora, watoto wote wafanane nao.

Natumia chakula cha Murashige na Skoog (mchanganyiko wa chumvi na virutubisho vya mimea), sukari gramu 30 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu) 5.8, na chupa nazichemsha kwa presha kuka. Vipande navisafisha kwa spiriti kisha jiki.

Siku ya tatu pale nilipokata panakuwa kahawia, na chakula kinageuka rangi ya chai. Ya tano, utando mweupe kama pamba unatambaa. Katika chupa 40 zimebaki 6, lakini hizo zimechipua kijani kizuri mno, moyo unakataa kuacha.

Nasikia mkaa amilifu hunyonya ile rangi. Nitie kiasi gani kwa lita? Nihamishe vipande kila baada ya siku ngapi? Na ukungu, mwenzangu unaudhibiti vipi kwa unyevunyevu huu wetu wa pwani? Aliyewahi kufanya anijuze tafadhali, hata kuja kumwona nitakuja.