Pampu ya magurudumu inajiwasha angani: kosa liko wapi?

Muulizaji, Malindi:
Assalamu alaikum. Ndege yangu ni Lancair 360 niliyoiunda mwenyewe, na magurudumu yake hukunjwa kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu ya umeme. Tangu mwezi uliopita, nikishapaa na kuyakunja, pampu huzima kama kawaida, lakini baada ya dakika nne au tano hujiwasha yenyewe kwa muda mfupi, ikazima, kisha ikarudia hivyo hivyo hadi nitue. Oili haijapungua, wala sakafuni hapana hata tone. Swichi ya presha nimeshaibadilisha bila mafanikio. Je, niagize pampu mpya?

Fundi wa haidroliki, Lamu:
Waalaikum salaam. Usiagize kitu bado, ndugu yangu. Ndege hiyo haina komeo la kuyashika magurudumu makuu yakiwa juu. Kinachoyazuia yasianguke ni presha ya oili pekee, kwa hivyo ikishuka, swichi huiwasha pampu ili iirudishe. Ikiwa oili haitoki nje, basi inavujia ndani kwa ndani: katika ringi za mpira za pistoni zilizo ndani ya silinda zinazoyasukuma magurudumu, katika vali ya kushushia magurudumu wakati wa dharura, au katika vali ya pampu inayozuia oili isirudi.

Ipandishe ndege juu ya jeki, ukunje magurudumu, uzime umeme. Usidanganywe na gurudumu litakalotangulia kushuka, kwani yote yanatumia njia moja ya presha na lililo zito ndilo hutangulia. Fungua bomba la upande wa kushushia kwenye silinda moja moja, uzibe ncha ya bomba, kisha utie presha ya kukunja. Silinda itakayoendelea kutoa oili katika tundu hilo lililo wazi ndiyo mbovu.

Muulizaji:
Silinda mbili kati ya tatu zinatoa oili! Zitaharibikaje kwa pamoja?

Mwanachama mwingine, Malindi:
Uliwahi kuongeza oili ya aina gani?

Muulizaji:
Oili ya breki za gari, kidogo tu, nilipoishiwa na ile nyekundu.

Fundi wa haidroliki, Lamu:
Hapo ndipo penye kosa. Ile nyekundu, yaani oili ya haidroliki ya ndege iitwayo 5606, hutokana na mafuta ghafi. Oili ya kawaida ya breki za gari haitokani na mafuta hayo, na huvimbisha na kulainisha mpira wa ringi hizo. Mwaga yote, safisha mabomba, badilisha ringi zote, hata za silinda ambayo bado haijavuja. Ukimaliza, kunja na kushusha mara kadhaa juu ya jeki hadi hewa itoke, kisha ujaribu vali ya dharura pampu ikiwa imezimwa kabisa.