Kijana akichomoa waya kompyuta ikafa, kosa ni la nani?

MizaniMbili
Wakuu, nataka majibu ya watu wazima. Jumamosi niliitwa duka moja la jumla pale Kamukunji. Wana mizani ya umeme iliyounganishwa kwa kebo ya USB na kompyuta ya Linux. Mteja akiwekewa mchele, kilo zinajiandika zenyewe kwenye risiti. Kijana wa kaunta simu yake ilikuwa imebaki asilimia 2. Akatafuta pa kuchajia, matundu yote yamejaa, akachomoa ya mizani. Muda kidogo skrini ikaganda, taa ya Caps Lock ikawa inapepesa kama indiketa ya matatu. Mauzo ambayo programu haikuwa imeandika kwenye diski yakaenda na maji. Tajiri anataka kumkata kijana mshahara. Mimi nasema hana kosa. Kitu chenye plagi kimeundwa kichomolewe. Kerneli (kiini cha Linux) inayokufa kwa hilo ndiyo mbovu. Mnasemaje?

MzeeWaSaiba
Kijana ana kosa. Nimeendesha saiba Kawangware tangu enzi za sidii, na ukutani niliandika kwa herufi kubwa: USICHOMOE KITU BILA KUULIZA. Aliyechomoa alilipa shilingi 20 papo hapo. Kompyuta zangu hazikufa. Adabu kwanza, mengine baadaye.

DadaTerminali
Mzee wangu, shikamoo, lakini flashi na mizani si ugonjwa mmoja. Flashi ukiichomoa vibaya unapoteza data yako, mashine inabaki hai. Na hata hapo Microsoft walishalegeza: tangu Windows 10 toleo la 1809, mpangilio wa kawaida ni kuchomoa haraka, mradi hakuna kinachoandikwa. Hapa imeanguka mashine nzima.

MizaniMbili, programu ya mauzo ilikuwa imeifungua mizani kutwa nzima, sivyo? Basi hadithi naijua. Nenda kwenye kodi ya draiva (programu inayoiwezesha kerneli kuzungumza na kifaa) utafute devm_kzalloc. Draiva inaomba kumbukumbu kwa njia hiyo, na raha yake ni kwamba huhitaji kuiachilia mwenyewe: draiva ikitengana na kifaa, kerneli inafagia. Tatizo ni kwamba inafagia kwa saa ya draiva, haingoji mtu wa mwisho anayeitumia. Programu bado imeshika faili wazi.

Ni hivi. Umepanga chumba Umoja. Landlodi ameuza ploti, na siku hiyo hiyo keateka anampa mpangaji mwingine chumba chako. Wewe uko kazini, ufunguo mfukoni. Jioni unafungua mlango, unajitupa kitandani gizani. Umelalia mke wa mtu. Hiyo ndiyo kutumia kumbukumbu baada ya kuachiliwa. Na hata ukisema basi nahama, kule kufunga faili tu kunapita kwenye kodi ya draiva, inagusa kumbukumbu ileile. Yaani unaaga huku umemkanyaga mwenye kitanda.

PlotiNambaSaba
Huyo keateka alirudisha depositi? Maana mimi Donholm niliambiwa imeliwa na rangi ya ukuta.

KomitiSafi
Swali moja kabla hatujalia pamoja: draiva ilitoka wapi? Kama ilikuja kwenye sidii ndani ya boksi la kebo, mjadala umeisha. Vitu vya elektroniki vya barabara ya Luthuli tunavijua, nje jina kubwa, ndani matope. Usiisingizie kerneli.

FundiLuthuli
Nimefika kwenye "matope" nikaweka chai chini. Mimi nina kibanda Luthuli miaka 11. Nyinyi mnaoandika kodi mkiwa Kilimani na kahawa ya mia nne, laptopu ikianguka hinji ikivunjika mnapanda gari kwenda wapi? Mnakuja kwa matope. Mnabembeleza, "fundi niangalilie". Leo mmekuwa watu wa kutuita takataka?

KomitiSafi
Sijasema watu, nimesema vitu.

FundiLuthuli
Vitu vinauzwa na nani, majini?

MzeeWaSaiba
Fundi, tulia. Ila mimi pia niliuziwa huko kadi ya kumbukumbu ya giga 64, nikajaza picha za arusi ya binti yangu, zilizofunguka ni za giga 8 za kwanza. Nasema tu.

FundiLuthuli
Mzee, hiyo ulinunua kwa mtu wa kutembeza barabarani, si dukani. Uongo?

MzeeWaSaiba
Alikuwa na koti zuri.

MizaniMbili
Naomba turudi. Ndiyo, draiva ilitoka kwenye sidii, nakubali. Lakini KomitiSafi, usijifiche hapo. Kasoro hii imo hata kwenye kerneli kuu. Hiyo devm iliingizwa 2007, kazi ya Tejun Heo, na ilikuwa kitu kizuri, iliondoa uvujaji mwingi wa kumbukumbu kwenye njia za makosa. Ila watu wakaigeuza dawa ya kila homa. 2022 kule Dublin, kwenye mkutano wa Linux Plumbers, Laurent Pinchart alisimama akaeleza waziwazi kwamba devm_kzalloc ina madhara kwa draiva ambazo programu huzifungua. Naye alinunua Luthuli?

KutuTupu
Mnahangaika bure. Lugha ya Rust (kwa Kiingereza, kutu) imeingia kwenye kerneli tangu toleo la 6.1, Desemba 2022. Andikeni draiva upya kwa Rust, mambo yaishe. Kompaila inakataa upuuzi huu kabla haujatoka nyumbani.

PlotiNambaSaba
Nairobi nzima tunapaka mabati rangi tuzuie kutu, wewe unaileta ndani ya kerneli.

KutuTupu
Hizo utani za jina zimechakaa. Jibu hoja.

DadaTerminali
Nitaijibu mimi, maana ni hoja nusu. Kuna vitu viwili hapa na kila siku watu wanavichanganya. Kumbukumbu inaweza kuishi mpaka mtu wa mwisho aiachie; unahesabu walioishika, hesabu ikifika sifuri unaachilia. Kwenye C, lugha ya zamani ya kerneli, ni kref, kwenye Rust ni Arc, wazo ni moja. Lakini kifaa chenyewe hakingoji mtu. Kikichomoka kimechomoka. Huwezi kukihesabia rejea kikakaa. Kadi ya PCI Express ukiing'oa, ukisoma rejista zake unapata biti zote moja, 0xFFFFFFFF, na draiva isiyojua inadhani hiyo ni takwimu halali. Kwa hiyo unahitaji pia mlango unaofungwa: kila anayeingia kugusa kifaa aulize kwanza "bado kipo?", na anayekiondoa afunge mlango halafu angoje walioko ndani watoke. Watu wa grafiki wana drm_dev_enter na drm_dev_exit kwa kazi hiyo. Hao wa Rust nao wamelazimika kujenga Revocable, hakuna kilichojileta chenyewe.

Rust inakusaidia kutosahau kuuliza, hilo nakubali kwa mikono miwili. Ila wewe KutuTupu hukusema hivyo, ulisema mambo yaishe. Draiva ni maelfu. Nani atakaa kuziandika upya, wewe?

KutuTupu
"Wewe?" ndiyo hoja sasa? Sawa. Wazee wa C mmezoea vidonda, mtu akileta bendeji mnaona amewatukana.

DadaTerminali
Mzee ni nani? Nina miaka 29.

KomitiSafi
Tukumbuke hata wakubwa wameaibika. Bill Gates mwenyewe alichomoa skana jukwaani, skrini ikawa buluu.

MzeeWaSaiba
Hapo umenikamata, maana hiyo naikumbuka. Hakuna aliyechomoa. Ni 1998, maonyesho ya COMDEX kule Chicago, Windows 98. Aliyekuwa anaonyesha ni Chris Capossela, naye alichomeka skana. Gates alikuwa kando, akacheka kwamba ndiyo maana hawajaanza kuiuza. Kuchomeka, KomitiSafi. Somo tofauti kabisa.

KomitiSafi
Kuchomeka, kuchomoa, waya ni uleule.

FundiLuthuli
Kumbe hata historia umenunua kwa mtu wa kutembeza.

PlotiNambaSaba
😂😂 Fundi amelipiza.

MizaniMbili
Nimekaa na ile draiva Jumapili yote, niwaambie nilichokiona. Sikuhitaji hata kuchomoa waya. Unafungua programu, halafu kama ruti (mwenye mamlaka yote ya mashine) unaandika jina la kifaa kwenye faili ya unbind ndani ya /sys, draiva inatengwa kana kwamba waya umetoka. Nikawasha KASAN, kikaguzi cha kerneli cha makosa ya kumbukumbu. Mara ya kwanza tu ikanipigia kelele: soma kwenye kumbukumbu iliyoachiliwa, na mstari ikanionyesha. Ni pale DadaTerminali alipoonyesha, devm_kzalloc kwenye probe (hatua ya draiva kushika kifaa), kisha kielekezi, yaani anwani ya kumbukumbu hiyo, kinachohifadhiwa ndani ya faili iliyofunguliwa. Nimeiweka kzalloc ya kawaida yenye kref: kila anayefungua anaongeza moja, akifunga anapunguza. Nikaongeza alama ya "kimeondoka" inayolindwa na kufuli, na kila kusoma kunaikagua kwanza. Sasa nikichomoa, programu inapata kosa la ENODEV (kifaa hakipo), inaandika "mizani haipo", mauzo yanaendelea kwa kuandika kilo kwa mkono. Mistari kama 40 hivi.

MzeeWaSaiba
Mistari 40, lakini kijana bado hakuuliza.

DadaTerminali
Mzee, umeme wa duka ukipotea nao unaomba ruhusa? Panya akila kebo? Leo ni simu, kesho ni mteja aliyejikwaa. Isitoshe, kile chumba kilichoachiliwa kerneli inampa mwingine anayeomba ukubwa uleule, na mwenye nia mbaya anaweza kupanga awe yeye ndiye wa kukipata. Hapo hatuzungumzii mchele tena.

MzeeWaSaiba
Panya wa saiba yangu walikuwa na adabu.

KomitiSafi
MizaniMbili, ulirekebisha hata njia ya kufungua? Mtu akifungua wakati kifaa kinaondoka, alama yako hajaiona bado.

MizaniMbili
Hapo umenishika. Nafungua kwa kutafuta kifaa kwenye orodha, na kuongeza kref kunafanyika baada ya kuachia kufuli ya orodha. Kuna upenyo.

KomitiSafi
Ongeza ukiwa bado umeshika kufuli. Ona, hata mimi wa matope nimesaidia.

FundiLuthuli
Wa matope ni mimi, usininyang'anye cheo. MizaniMbili, lete hiyo kebo dukani Jumanne. Nitakupa yenye chipu inayotambuliwa na kerneli yenyewe, bila sidii. Bei tutaongea, si hapa mbele ya huyu.

PlotiNambaSaba
Na mshahara wa kijana?

MizaniMbili
Tajiri ameahirisha mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwonyesha mistari ya KASAN, akaitazama kama risiti ya kanjo.

PlotiNambaSaba
Simu yenyewe iliingia chaji?

MizaniMbili
Ilifika 4.