Mrejesho: mayai ya samaki wangu aina ya danio hayaliwi tena

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini mayai ya danio wangu wenye milia yalikuwa yakitoweka kabla ya kuanguliwa, nikashauriwa kutandaza gololi chini ya tangi. Ushauri huo umefaa sana: kwa kuwa mayai hayo hayanati, yalipotagwa asubuhi mara baada ya taa kuwashwa yalizama katikati ya gololi, mahali ambapo wazazi, ambao ndio walaji wenyewe, hawakuweza kuyafikia, nami nikawahamisha mapema. Katika maji ya nyuzijoto 28 yalianguliwa baada ya siku 2 hadi 3. Vifaranga hung'ang'ania kioo mpaka kiini cha yai walichobaki nacho tumboni kiishe. Walipoanza kuogelea niliwalisha vijidudu vya maji yaliyolowekwa majani makavu, nikichelewesha artemia (vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) hadi vinywa vyao vitakapopanuka. Mayai yaliyogeuka meupe niliyafyonza kwa bomba la sindano, maana hushika ukungu upesi.