Fesipleti mpya kwenye spindo ya leithi, ikaeje bila kuyumba?

Wakuu, nina leithi (mashine ya kukereza chuma) ya Myford ML7, spindo (mhimili wake unaozunguka) inchi 1 1/8, thredi 12 kwa inchi. Nataka kukereza fesipleti mpya, ile sahani ya chuma inayofungwa kwenye spindo kushikia kazi, nianzie wapi?

— Mkuu thredi kazi yake kuvuta tu, kinachoshika senta ni ile shingo laini ya spindo nyuma ya thredi pamoja na bega lake, so tundu la nyuma la fesipleti likereze liingie shingoni bila kucheza, mkono utahisi linabana kidogo.

— Kweli kabisa, ila futa chipsi za chuma kwanza, kachembe kamoja tu kakibaki begani mshale wa dayo geji (kipimo cha kuonyesha kuyumba) unaruka.

— Uso ukereze mwisho, ikiwa imefungwa kwenye spindo yako mwenyewe. Na thredi za mwanzo ndani ya tundu la fesipleti zikate, la sivyo haifiki begani.